Milio Saba ya Pembe

Mwaka huu, mtama wetu ulipoanza kutoa masuke, baba alianza kuiamkia sanamu.

Sanamu yenyewe niliitengeneza mimi ili itishie ndege: miti miwili, nyasi kavu, na koti kuukuu nililolikuta darini. Niliisimamisha kando ya njia, mpakani mwa shamba letu pale Kumsenga. Kila asubuhi baba alipopita hapo alisimama, akavua kofia, akasema kwa Kiha cha heshima, "Mwakeye." Akangoja. Kisha akaendelea na safari yake akinung'unika.

"Vijana wa siku hizi hawana adabu," aliniambia siku moja.

"Kijana gani, baba?"

"Yule mrefu anayesimama pale njiani. Wiki ya tatu leo namwamkia, haitiki hata kwa kikohozi."

Sikuwa na moyo wa kumwambia ukweli. Baba yangu, Mzee Leonidasi, ametimiza miaka sabini. Kwa miaka arobaini alikuwa mwindaji anayetajwa kuanzia kwetu mpaka Nyabibuye. Sasa mboni zake zilikuwa zimeingia weupe kama maziwa yaliyomwagika majini. Ulikuwa mtoto wa jicho. Nililijua hilo kwa kusoma. Mimi ni msomi, nina shahada ya usimamizi wa wanyamapori, na ingawa huu ni mwaka wa pili nikisubiri ajira, bado naamini ajira itakuja.

Ijumaa hiyo mama alinipigia simu kutoka Kakonko, alikokwenda kumsaidia dada yangu kulea mtoto.

"Stani, nasikia madaktari wa macho wanakuja Kasulu Jumatatu."

"Ndiyo, mama. Siku tatu tu. Wakiondoka, mpaka mwakani."

"Basi mpeleke baba yako. Ukishindwa kwa sababu ya maneno yake, hicho cheti chako cha chuo nitakitandika chini ya kuku anayeatamia."

Jioni nikamkabili baba akiwa anamega ugali. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja tano. Hakunipa nafasi hata ya kumaliza ya kwanza.

"Macho yangu hayana shida," alisema. "Dunia ndiyo imeingia ukungu."

"Baba, juzi ulimpa mbuzi chumvi ukidhani ni Shangazi."

"Na mbuzi alishukuru. Shangazi yako hajawahi kushukuru." Akachovya tonge. "Sikiliza, Stani. Mwindaji asiyeona anaweza kupata mnyama?"

"Hawezi."

"Vizuri. Kesho twende kwenye mihogo, ndezi wameimaliza. Tukipata mnyama, neno Kasulu lisitoke tena mdomoni mwako mpaka unizike. Tukikosa, Jumatatu unipeleke, wanichokonoe watakavyo."

Tukapeana mikono. Yaani nilikuwa naenda kuwinda nikiomba Mungu tukose. Sidhani kama ukoo wetu umewahi kutoa mwindaji mwenye sala ya namna hiyo.

Asubuhi nilimwonyesha baba kibali. Nilikuwa nimekiomba mwenyewe ofisi ya kijiji tangu mihogo ilipoanza kuliwa, kinachoturuhusu kufukuza na kuua ndezi, wale panya wakubwa wa majanini, ndani ya mashamba yetu. Mimi siwindi bila kibali. Ni msimamo wangu.

"Kina muhuri?" baba aliuliza, akikipapasa.

"Kina muhuri."

"Na ndezi, alipokuja kula mihogo yangu, alikuonyesha cha kwake?"

Tukatoka watatu: baba na mkuki wake, mimi na mfuko wa viazi vya kuchemsha, na mbwa wetu Diwani, aliyepewa jina hilo kwa sababu haonekani mpaka siku ya chakula. Diwani naye ni mzee. Sikio la kushoto halisikii, na kengele ya mti aliyovaa shingoni ni nzito kuliko kichwa chake. Baba alimfunga kamba, akaizungusha mkononi mwake. Alisema ni ili mbwa asipotee.

Kisha akanivika pembe.

Ni pembe ya tandala, ya babu, nyeusi, imelainika mahali pa kushikia kama mpini wa jembe. Nilikuwa sijawahi kuruhusiwa kuibeba.

"Hii haipigwi mpaka mnyama awe chini," baba alisema. "Mnyama mmoja, mlio mmoja. Wawili, miwili. Watu wakiisikia wanaacha kila kitu, wanakuja na vyombo. Na pembe ikidanganya?"

"Inachomwa moto."

"Na mwenye pembe?"

"Haendi tena porini."

"Maisha yake yote. Babu yako alikufa haijadanganya. Mimi nami nataka nife haijadanganya. Haya, mgawo."

Nikatoa daftari. Baba alicheka, lakini nikaandika, tena kwa tarehe. Katika ukoo wetu mnyama ana wenyewe hata kabla hajapatikana. Shingo ni ya dada wa mwenye pembe, yaani Shangazi Apoline, ambaye pia ndiye mwenye neno la mwisho mgawo ukileta ubishi. Mguu wa nyuma ni wa mwenye mbwa. Kidari ni cha majirani waliofika na vyombo. Na kichwa ni cha yule aliyempata mnyama, peke yake, hagawani na mtu.

"Kwa nini kichwa, baba?"

"Kwa sababu ndicho kilichokuwa kinakuona wewe kabla hujakiona."

Tulishuka taratibu kuelekea bondeni. Kwa kweli sikutegemea kufurahi. Nilikuwa nimekwenda kama shahidi wa kushindwa kwa baba yangu. Lakini tulipofika kwenye majani marefu alisimama, akanusa, akasema, "Amepita hapa. Jana jioni." Akainama, vidole vyake vikatembea kwenye mabua kama mtu anayesoma barua ya mpenzi. "Hapa amekata kwa mshazari. Meno makali. Dume, tena lenye dharau. Limekula katikati likaacha ncha." Akasogea. "Na usisogeze mguu wa kulia."

Nilikuwa nimeshausogeza. Nilikanyaga kinyesi cha ndezi, kibichi.

"Hicho ulikisoma chuoni?" baba aliuliza.

"Tulikisoma kwa picha."

Alicheka mpaka akakohoa, akaniegemea begani. Bega langu lilimjua kuwa mwepesi. Zamani aliponiegemea nilikuwa nazama ardhini. Niliondoka nyumbani kwenda shule ya bweni nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kila likizo nilikuja na vitabu, na kila likizo aliniuliza, "Kesho twende?" nami nikajibu nina mtihani. Sasa ndipo nilipoona nilichokuwa nakikosa. Nikaanza kumwomba Mungu afute ile sala yangu ya kwanza, au walau aiweke pembeni kwanza.

Mpango wa baba ulikuwa rahisi. Yeye angesimama na mkuki kwenye uwazi mwembamba ambako ndezi hutokea. Mimi ningezunguka kwa chini, nipige majani kwa fimbo na kupiga kelele, ndezi wakimbilie kwake. Aliijaza kengele ya Diwani nyasi ili isilie.

"Nikupe muda gani, baba?"

"Zunguka kama mtu anayetafuta kazi. Polepole, lakini usikate tamaa."

Nikazunguka. Nilipiga majani, nikapiga kelele zote nilizojua, na zilipoisha nikaimba wimbo wa mahafali. Kitu kilichakarika mbele yangu, kikakimbia kuelekea juu. Nikakimbia nyuma yake nikipiga mayowe, "Baba, huyo! Huyo, baba!"

Nilipofika kwenye ule uwazi hapakuwa na mtu. Palikuwa na kofia ya baba tu, imelala chini.

"Baba!"

Nikaangalia kushoto, majani. Kulia, majani. Chini kidogo kijito kilikuwa kinapita, na kilikuwa kimejaa. Niliita tena. Nilikumbuka ule weupe wa macho yake, nikakumbuka kwamba hata kengele ya mbwa ilikuwa imezibwa. Nikakimbia huku, nikarudi, nikakimbia kule. Nilikuwa nimejifunza muhula mzima namna ya kumtafuta tembo aliyepotea kundini. Namna ya kumtafuta baba hatukufundishwa.

Ndipo mkono wangu ulipogusa pembe. Sikufikiri. Niliipuliza kwa pumzi zangu zote. Bonde likaitika. Nikapuliza tena, na tena, nikilia, mpaka mashavu yakauma.

Nilipoacha, majani ya upande wa kichuguu yakatikisika. Diwani akatokea kwanza, akivuta kamba, kisha baba, mkono mmoja umenyooshwa mbele, mwingine umeshika mkuki. Uso wake uling'aa kama wa mtoto.

"Umepata nini?" alisema kwa kunong'ona. "Wangapi?"

"Baba, ulikuwa wapi?"

"Niambie kwanza! Nimehesabu saba, Stani. Saba! Mimi mwenyewe sijawahi kupiga zaidi ya minne."

"Sijapata kitu, baba. Nilikuwa nakutafuta wewe."

Ule mwanga ukamtoka usoni. Akakaa chini palepale alipokuwa.

"Yaani hapa hakuna hata panya?"

"Hakuna."

"Umepiga pembe ya baba yangu mara saba, bila panya."

Kabla sijajibu, tukasikia vigelegele kutoka mlimani.

"Hao," alisema baba. "Hiyo sauti ya kwanza ni ya Shangazi yako. Shingo saba, Stani. Anakuja kuchukua shingo saba."

"Nitawaambia ni mimi. Nitasema ukweli."

"Wewe nyamaza. Pembe ni yangu."

Wa kwanza kufika alikuwa Dadi, mwenye duka pale senta, mtu mfupi mwenye mbio nyingi. Alikuja na kisu mkononi, kanzu ameikunja mpaka kiunoni, jasho linamtiririka.

"Wako hai?" alipiga kelele. "Jamani, hata mmoja yuko hai? Nipisheni nimchinje kabla hajafa! Mwaka jana mlimmaliza kwa mkuki, nikala maharage nikiwaangalia!"

Nyuma yake akaja Shangazi Apoline na beseni kichwani, na nyuma ya Shangazi watu wasiopungua thelathini, wenye sufuria, ndoo na karai. Jirani yetu Twalibu alikuja na baiskeli yenye tenga.

"Kaka!" Shangazi alisema akihema. "Saba! Nimeacha ugali jikoni. Wako wapi?"

Baba alisimama. Alinyoosha mkono hewani mpaka nilipoelewa, nikampa kofia yake. Akaivaa, kisha akaivua tena.

"Mnyama yupo," alisema.

Watu wakaangalia majani. Dadi akainua kisu.

"Yuko wapi?"

"Mbele yenu. Na yuko hai, Dadi, lakini ukimchinja utaeleza polisi."

Hakuna aliyecheka. Baba alikuwa anawaangalia watu mahali wasipokuwepo, kidogo pembeni ya nyuso zao, na nadhani siku ile ndipo wote walipoligundua hilo kwa pamoja.

"Sikilizeni," alisema. "Nilimsikia ndezi, nikamfuata hatua ishirini. Ishirini tu. Nilipogeuka, kila upande ulikuwa mweupe. Shamba hili nimelilima miaka arobaini, nikapotea ndani yake kama mgeni aliyeshuka kwenye basi. Nilimsikia kijana wangu akiniita. Sikuitika. Niliona aibu. Nikakaa nyuma ya kichuguu na mbwa wangu kiziwi. Ile pembe ndiyo iliyonionyesha njia." "Kwa hiyo haikudanganya. Alikuwa anawinda mzee aliyepotea, na amempata."

Twalibu, ambaye ni mbishi hata msibani, akasema, "Lakini mzee ni mmoja. Milio ilikuwa saba."

"Mnyama ana miaka sabini," baba alijibu bila kufikiri. "Kila kumi, mlio mmoja."

Hapo ndipo watu walipoangua kicheko. Dadi alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Shangazi Apoline alitua beseni, akamwendea kaka yake, akamkamata shingo kwa mikono yote miwili.

"Hii ni yangu," alisema. "Desturi ni desturi." Akawa anacheka na machozi yanamtoka, asiiachie hiyo shingo.

"Na kidari?" Dadi aliuliza. "Sisi wenye vyombo?"

"Kidari chenyewe mifupa mitupu, Dadi. Utakipeleka wapi?"

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikiwa na furaha isiyo na mfano. Pembe ya babu ilikuwa imepona. Baba alikuwa amepona. Kisha nikamwona baba ananigeukia, na tabasamu lake likaniogopesha.

"Stani," alisema kwa upole. "Shangazi yako amekubali kuwa mnyama amepatikana. Au siyo, dada?"

"Amepatikana," Shangazi akasema.

"Basi tumepata mnyama. Jana tulipeana mikono. Neno Kasulu lisitoke tena mdomoni mwako mpaka unizike."

Ningesema hakuna mnyama, pembe ingekuwa imedanganya. Wangeichoma, na baba asingekanyaga tena porini. Ningesema yupo, baba angebaki kwenye ukungu wake mpaka ukungu uwe giza. Alikuwa amenifikisha kwenye uwazi mwembamba kama alivyowafanyia ndezi maisha yake yote, naye amesimama mwisho wake na mkuki.

"Msomi amenyamaza," Dadi alisema kwa huruma.

Msomi alikuwa anatafuta daftari. Nililipata, nikafungua ukurasa wa asubuhi ile.

"Shangazi," nilisema, "naomba tumalize mgawo. Shingo umechukua. Mguu wa nyuma ni wa mwenye mbwa. Mwenye mbwa ni baba, kwa hiyo abaki na miguu yake, itamfaa kutembelea. Kidari majirani wamekikataa."

"Hatujakikataa," alisema Twalibu. "Tumekidharau tu."

"Kimebaki kichwa." Nikasoma kwa sauti: "'Kichwa ni cha yule aliyempata mnyama, peke yake, hagawani na mtu.' Nani aliyempata mnyama?"

Watu thelathini wakanielekezea vidole.

"Basi kichwa kile ni changu," nilisema. "Macho yamo humo. Na mimi Jumatatu nakipeleka kichwa changu Kasulu. Sehemu nyingine za mnyama zikitaka kubaki, sizilazimishi."

Baba akanisogelea.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Wewe, baba. Leo, saa moja asubuhi. Tarehe ipo."

Akamgeukia dada yake. "Apoline, mtoto huyu ananigawa nikiwa hai."

"Amegawa sawasawa," Shangazi alisema. "Kichwa ni chake. Nami shingo yangu naiazima, maana kichwa hakisafiri hewani. Ila nirudishiwe."

Tulirudi nyumbani kama msafara wa harusi. Kwa kuwa watu walikuwa wamekuja na vyombo, na wameacha ugali jikoni, baba alitoa jogoo wawili, na Dadi akawachinja yeye mwenyewe kwa furaha kubwa. Njiani baba alinishika mkono. Alisema ni kwa ajili ya mawe. Tulipofika penye tambarare, pasipo na jiwe hata moja, hakuuachia.

"Kinachoniogopesha," alisema polepole, ili wengine wasisikie, "ni kwamba sasa naona ukungu. Wakikosea, sitauona hata huo."

"Najua, baba."

"Utakaa mlangoni?"

"Nitakaa mlangoni."

Jumatatu tulipanda basi la alfajiri. Baba aliipakata pembe safari nzima. Tulipofika Makere aliuliza kama mahindi yao ni mazuri kuliko yetu, nikamwambia hapana, ingawa yalikuwa mazuri zaidi. Hospitalini muuguzi alimuuliza ameletwa na nani.

"Na mwindaji aliyenipata," baba alijibu. "Mimi nimekuja kama kichwa tu. Hivi vingine vimenisindikiza."

Muuguzi aliniangalia, nikamwambia ni hadithi ndefu.

Walipomfungua bandeji siku ya pili, baada ya upasuaji, nilikuwa mlangoni kama nilivyoahidi. Alipepesa macho muda mrefu. Aliangalia ukuta, dirisha, vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja. Kisha akaniangalia mimi, akasogea, akanikagua kama anavyokagua mabua.

"Kumbe una ndevu."

"Tangu mwaka wa pili chuoni, baba."

"Na hakuna mtu aliyekwambia unyoe?"

Tulishuka kwenye basi Kumsenga jua likiwa bado juu. Alikataa kushikwa mkono. Alitembea mbele yangu akiitaja miti kwa majina, kama mtu anayeita watoto wake baada ya safari. Tulipofika mpakani mwa shamba alisimama ghafla.

Sanamu ilikuwa palepale, mikono imetandazwa, ndege wawili wamekaa begani.

Baba aliitazama. Akaizunguka. Akashika ukosi wa koti.

"Hili koti langu la ndoa," alisema.

"Nilidhani hulitumii tena, baba."

Alilifunga lile koti vifungo, akafukuza ndege, akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akavua kofia.

"Mwakeye," alisema.

"Baba, si unaona ni sanamu?"

"Naona." Akavaa kofia, akaanza kutembea kuelekea nyumbani. "Lakini tumeshazoeana. Kesho twende?"

Nikamwambia twende.